Nyuzi 12, viungo 24, na nyuzi mbili tu zilizofika mahali pake

Asubuhi ile kila namba iliyoandikwa kwenye daftari langu ilikuwa ya kupendeza. Tulikuwa tukiutengeneza mkongo wa mtandao uliokatika, yaani kebo yenye nyuzi 12 za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga. Tulikuwa tumeunga viungo 24, yaani 12 kila upande wa korongo, na mashine ilikuwa imekadiria upotevu wa mwanga wa desibeli 0.02 au 0.03 tu, kiasi kidogo sana, kwa karibu vyote. Kimoja tu kilifika 0.08, nacho tukakikata na kukiunga upya. Hata hivyo, tulipompigia simu mwenzetu aliyekuwa kwenye kituo cha vifaa vya mtandao ili atuambie kama taa za vifaa zimewaka, alijibu kwamba nyuzi mbili tu ndizo zilizorudi, ule wa tatu na ule wa sita, na kwamba zile nyingine 10 zilikuwa kimya kana kwamba hatukugusa kitu. Chanzo cha ajabu hiyo hakieleweki bila kujua kwanza jinsi uzi wa kioo unavyoungwa, na kwa kuwa vijana wanaosomea ufundi hapa Bukavu huniuliza mara kwa mara njia ipi ni bora kuliko nyingine, nitaeleza njia zenyewe kwa kulifuata tukio hili tangu mwanzo wake.

Lilianza kwa mvua. Anayeufahamu mji wetu anajua jinsi vilima vinavyoshuka kuelekea Ziwa Kivu vilivyojaa nyumba zilizobanana, na jinsi mteremko ulioshiba maji kati ya Septemba na Mei unavyoweza kusogea kidogo kidogo hadi usiku mmoja uondoke wote kwa pamoja. Usiku huo mteremko mmoja wa upande wa Kadutu uliondoka na nguzo, na nguzo ikaondoka na mkongo wa nyuzi 12 uliokuwa ukining'inia juu yake. Namshukuru Mungu kwamba hakuna nyumba iliyochukuliwa na udongo ule.

Kabla ya kuunga chochote ni lazima kujua mkongo umekatikia wapi, na kifaa kinachotujibu swali hilo ni OTDR, ambacho hupeleka mapigo mafupi ya mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake. Mwanga ndani ya kioo husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 204,000 kwa sekunde, karibu theluthi moja pungufu ya kasi yake hewani, hivyo pigo linalokwenda na kurudi katika kilomita moja ya uzi hutumia karibu mikrosekunde 10, na kutokana na muda huo kifaa hukokotoa umbali. Kilituonyesha mita 2,310. Fundi mgeni angepima mita 2,310 barabarani na kupanda nguzo isiyo na kosa lolote, kwa sababu nyuzi zilizo ndani ya mkongo hazikunyooka bali zimesokotwa kuzunguka uti wa katikati, jambo linaloufanya uzi uwe mrefu kuliko mkongo kwa asilimia moja hadi tatu, na juu ya hayo kuna mizunguko ya akiba iliyofungwa kwenye baadhi ya nguzo. Safari hii hatukuhitaji hesabu ndefu, kwa maana nguzo yenyewe tuliikuta imelala bondeni, na mama mmoja aliyekuwa akipanga makala yake, yaani mkaa wa kuuza, kando ya njia akatuuliza, kabla hata hatujatua mizigo, “Papa, mtandao utarudi leo?”

Ugumu wa kazi yenyewe uko katika vipimo. Uzi wa modi moja, yaani unaopitisha mwanga kwa njia moja tu, ambao ndio unaotumika mijini na katika masafa marefu, una kiini cha kupitishia mwanga chenye kipenyo cha takriban mikromita 9. Kiini hicho kimezungukwa na ganda la kioo linalofikisha kipenyo cha mikromita 125, kisha juu yake limepakwa koti la plastiki linalofikisha mikromita 250. Jicho la kawaida huona koti, na kwa shida huona ganda, lakini kiini halikioni kamwe. Kazi ya fundi ni kuvifanya viini viwili vitazamane barabara, kwa sababu vikipishana kwa mikromita moja tu hupotea karibu desibeli 0.2, na hiyo ni sawa na mwanga wote unaopotea katika kilomita nzima ya uzi mzuri ukitumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550. Mwaka 1966, Charles Kao na George Hockham walipotoa hoja kwamba kioo kingeweza kubeba mawasiliano, lengo walilolitaja lilikuwa upotevu usiozidi desibeli 20 kwa kilomita, na kampuni ya Corning ya Marekani ilivuka lengo hilo mwaka 1970. Leo kioo kimekuwa safi kupita kiasi hicho mara nyingi, na ndiyo maana uzembe wa fundi mmoja juu ya nguzo unaonekana wazi kuliko kilomita nyingi za mkongo.

Usiku ule wa kwanza tulitumia kiungo cha kubana, yaani kile kisichohitaji moto. Ni kipande kidogo cha plastiki chenye mfereji mwembamba wenye umbo la V ndani yake. Ncha mbili zilizokatwa vizuri huingizwa kutoka pande mbili hadi zikutane katikati, kisha kifuniko hubanwa na kuzishikilia hapo. Katikati ya mfereji kuna jeli ambayo hupinda mwanga kama kioo chenyewe kinavyoupinda, na bila jeli hiyo mwanga ungetoka kwenye kioo, ukaingia hewani, kisha ukaingia tena kwenye kioo, na kila mara unapovuka mpaka huo karibu asilimia 3.5 yake hurudi ulikotoka. Kiungo cha namna hii kikifanywa kwa uangalifu hupoteza desibeli 0.1 hadi 0.3, nacho hufanyika kwa dakika chache, bila umeme na bila mashine ya bei kubwa. Tulivuta juu ya korongo mkongo mwembamba wa muda, tukaunga nyuzi mbili tu kwa ajili ya wateja ambao hawangeweza kungoja, na kati ya viungo vinne kimoja kilitoa desibeli 0.7 kwa sababu tone la maji ya mvua lilikuwa limeingia kabla ya ncha kukutana. Tulikifungua, tukaikata ncha upya na kutumia kipande kingine, maana kile cha kwanza kilikuwa kimechafuka na hakikufaa tena.

Baadhi ya mafundi hukidharau kiungo cha kubana, nami sikubaliani nao, kwa kuwa kiungo kinachorudisha mawasiliano saa nane za usiku chini ya mwavuli kina heshima yake. Ninachokataa ni kukiacha mahali pake baada ya dharura kwisha. Jeli huzeeka, joto la mchana na baridi ya usiku husukuma ncha mbele na nyuma, upepo huutikisa mkongo, na baada ya misimu michache upotevu huanza kupanda bila sababu anayoweza kuiona mtu aliyeko ofisini. Nimewahi kuitwa kutafuta hitilafu iliyokuwa ikitokea adhuhuri na kutoweka jioni, na mwisho wake nikakuta vipande vya namna hiyo ndani ya kisanduku cha kuhifadhia viungo ambacho kwenye ramani kiliandikwa kwamba viungo vyake vyote ni vya moto.

Konekta, yaani kichwa cha kuchomeka na kuchomoa, ni njia ya tatu, mbali na kubana na kuunga kwa moto, lakini mahali pake ni ndani ya nyumba na kwenye kabati la vifaa, wala haina kazi katikati ya mteremko. Hata kwenye kabati, mara nyingi hatutengenezi kichwa wenyewe bali tunaunga kwa moto kipande kifupi chenye kichwa kilichotengenezwa kiwandani.

Siku mbili baadaye mvua ilipotulia na nguzo mpya mbili zilipokwisha kusimamishwa, tulileta kipande kipya cha mkongo cha kuziba pengo lote, na tukajigawa katika makundi mawili. Mimi na kijana mmoja ninayemfundisha tulikaa upande wa juu wa korongo. Upande wa chini alikaa kaka mmoja aliyekuwa ametumwa kutoka Kinshasa akiwa na mashine yake. Kila kundi lilikuwa na viungo 12 vya kuunga kwa moto, na kila kundi lilikuwa na hema dogo, kwa sababu vumbi na ukungu ni maadui wa kazi hii kuliko hata mvua yenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba siri iko kwenye mashine, ile ambayo mafundi wa hapa, waliosomea kwa Kifaransa, huiita soudeuse. Ukweli ni kwamba mashine ikifungwa kifuniko chake, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanikiwa au imekwisha kuharibika. Mkongo humenywa kwa hatua: ganda la nje, kisha vifungo vya nguvu, kisha mirija laini iliyobeba nyuzi, na ndani ya mirija hiyo kuna mafuta mazito ya kuzuia maji ambayo yasipofutwa yote yatakufuata hadi mwisho. Kabla ya kuugusa uzi wenyewe, kipira cha kinga huvishwa kwanza, maana baada ya kuunga hakuna mlango wa kukiingizia. Kila fundi amewahi kukisahau, na anayesema hajawahi ndiye nisiyempa kazi. Baada ya hapo koti la plastiki humenywa kwa koleo yenye tundu la kipimo chake, kiasi cha sentimita tatu au nne, kwa mkono usiotetemeka na bila kulegeza njiani, kwa kuwa mkwaruzo usioonekana kwenye kioo ndio mwanzo wa ufa utakaoukata uzi miezi kadhaa baadaye.

Usafishaji hufanywa kwa alkoholi ya isopropili yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi. Alkoholi ya famasia iliyochanganywa na maji haifai, hata kama chupa inafanana, kwa sababu maji hubaki juu ya kioo na kuchemka ndani ya tao la umeme, yaani ile cheche ya mashine inayoyeyusha kioo. Uzi uliosafika hutoa mlio mwembamba ukisuguliwa, na masikio ya fundi huuzoea mlio huo kama mpishi anavyozoea sauti ya mafuta yaliyoiva. Kisha uzi hukatwa, ingawa neno hilo halisemi ukweli wote: kisu cha kikatio hakikati kioo bali hukikwaruza kidogo upande mmoja, halafu mvuto na mpindo huufanya uzi upasuke wenyewe kwa uso ulionyooka. Uso huo unapaswa kuwa wima kabisa. Pembe ikiwa chini ya nusu digrii ninafurahi, ikizidi kikomo kilichowekwa mashine hukataa kuendelea, nami huikubalia kukataa kwake. Kisu aghalabu ni gurudumu dogo lenye nafasi 16, na nafasi moja ikichoka gurudumu huzungushwa kidogo ili sehemu mpya ya makali ianze kazi. Kijana wangu alikuwa na mazoea ya kuufuta uzi mara nyingine baada ya kuukata, akidhani kwamba anaongeza usafi. Nilimwambia, “Mdogo wangu, ukishakata, uzi usiguse kitu chochote mpaka ukutane na mwenzake,” na tangu hapo viungo vyake vimekuwa vizuri kuliko vyangu.

Vipande vya kioo vinavyobaki ni vidogo, vikali, na havionekani juu ya udongo wala juu ya nguo. Tunavitia kwenye chupa yenye kifuniko, tunafanya kazi juu ya kitambaa cheusi ili tuvione, na hatuli karibu na meza hiyo. Nalisema hili kwa sababu siku hiyo mama wa makala alituletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga kwa ukarimu wake, na ilinibidi nimsihi kijana atoke hemani, anawe mikono na kukung'uta nguo ndipo ale, jambo ambalo mama yule alilichukua kuwa ni maringo ya mafundi wa mjini.

Ndani ya mashine kila uzi hulazwa kwenye mfereji wake, kamera huutazama kutoka pande mbili, na injini ndogo huisogeza ncha moja kuielekea nyingine. Hapa kuna tofauti ambayo wauzaji hawaielezi vizuri. Mashine za bei ya chini hulinganisha ganda la kioo pekee, zikiamini kwamba kiini kiko katikati kabisa ya ganda, na kwa nyuzi mpya za siku hizi imani hiyo mara nyingi inatosha. Mashine za kulinganisha kiini hukitafuta kiini chenyewe kwenye picha na kukisogeza hadi viini viwili viwe mstari mmoja. Kwa mkongo wa zamani, au unapounga uzi wa kiwanda kimoja na uzi wa kiwanda kingine, mimi huchagua ya pili bila kusita. Baada ya kulinganisha, elektrodi mbili hutoa kwanza cheche fupi ya kuunguza vumbi lililobaki, kisha tao la umeme lenye joto la kuyeyusha kioo, na ncha zilizolainika husukumwa zikaingiana kwa mikromita chache. Tao hilo hudumu kwa muda mfupi mno, nalo likizimika nyuzi mbili zimekuwa uzi mmoja. Mashine huuvuta kidogo kujaribu nguvu yake, kisha kipira cha kinga husogezwa juu ya sehemu iliyo uchi na kupashwa moto hadi kinywee kuizunguka, kikiwa na kijiti cha chuma ndani yake ili kiungo kisipindike.

Kwa mikongo mikubwa ambayo nyuzi zake zimepangwa kama utepe, zipo mashine zinazounga nyuzi 12 kwa tao moja. Sijawahi kumiliki moja.

Ilikuwa karibu saa nne za asubuhi nilipopokea simu kutoka upande wa chini. Kaka yetu wa Kinshasa alilalamika kwamba viungo vyake vitatu vya kwanza vimekadiriwa zaidi ya desibeli 0.1, na kimoja kimekatika wakati wa kuvutwa, ilhali wiki iliyotangulia mashine hiyo hiyo ilikuwa ikitoa 0.02 bila shida. Nilimuuliza kama alikuwa ameirekebisha nguvu ya tao baada ya kushuka kwenye ndege, akanyamaza. Kinshasa iko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Tao la umeme hupita katika hewa, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Kinshasa, kwa hiyo nguvu iliyopangwa kule haileti joto lile lile hapa. Mashine za kisasa nyingi zina kihisio cha mgandamizo wa hewa kinachofanya marekebisho hayo zenyewe, lakini ya kwake ilikuwa ya zamani na ilihitaji kuambiwa: unaweka nyuzi mbili za majaribio, unachagua kipimo cha tao kwenye menyu, mashine inaziyeyusha kidogo bila kuziunga, inatazama zimeyeyuka kiasi gani na zimeyeyukia wapi, kisha inajipanga upya. Alirudia zoezi hilo mara tatu hadi mashine ikaridhika, akavikata viungo vile na kuanza upya, na tangu hapo namba zake zilikuwa sawa na zangu. Elektrodi zilizochakaa huleta dalili zinazofanana na hizo, kwa hiyo daftari la kuhesabu matao ni la lazima; nyingi hubadilishwa baada ya matao elfu mbili au tatu hivi.

Hapo ndipo tulipofikia, asubuhi iliyofuata, ile simu ya kituoni. Jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa kwamba makadirio ya mashine yametudanganya, na hilo hutokea, kwa sababu mashine haipimi mwanga unaopita. Hutazama tu picha ya kiungo na kukisia. Kipimo cha haki ni OTDR, tena kutoka pande zote mbili. Ukipima kutoka upande mmoja tu unaweza kukuta kiungo kinachoonekana kuongeza mwanga badala ya kuupunguza, jambo lisilowezekana: uzi wa pili kwa maumbile yake hurudisha mwangwi mkubwa kuliko wa kwanza, na kifaa kinadhani mwanga umeongezeka. Ukipima kutoka upande wa pili, kiungo hicho hicho kitaonyesha upotevu uliotiwa chumvi, na wastani wa namba hizo mbili ndio ukweli. Tulipima kila uzi kwa nanomita 1310 na 1550, kwa kuwa uzi uliopindwa kupita kiasi ndani ya kisanduku hujificha kwenye 1310 na kujitokeza kwenye 1550. Hakuna kilichojificha. Mistari yote 12 ilinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na wastani wa viungo ulikuwa chini ya desibeli 0.05. Kifaa kilikuwa kikituambia kwamba mkongo ni mzima.

Nilitoa tochi ya leza nyekundu, ile ambayo mwanga wake unaonekana kwa macho, nikaenda kituoni na kuimulika kwenye uzi wa kwanza, wa buluu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kifaa kinachorusha mwanga upande wa pili, kwa kuwa mwanga wa kazi hauonekani na unaweza kuliumiza jicho. Mwenzetu wa upande wa pili alisema kwenye simu, “Naiona. Lakini inatoka kwenye ule wa machungwa.”

Nyuzi hutambuliwa kwa rangi, na rangi zina mpangilio. Mkongo wetu wa zamani ulifuata mpangilio wa Kimarekani uliozoeleka sana duniani: buluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, feruzi. Kipande kipya tulicholetewa kilitengenezwa kwa mpangilio wa Kifaransa, ambao huanza na nyekundu na kuendelea na buluu, kijani, manjano, zambarau, nyeupe, machungwa, kijivu, kahawia, nyeusi, feruzi na waridi. Rangi ni zile zile 12, na ukizitazama juu juu huoni tofauti yoyote. Mimi upande wa juu niliunga rangi kwa rangi, buluu kwa buluu, kama ninavyofanya siku zote. Kaka yetu upande wa chini, akiwa na karatasi ya mpangilio mkononi na nidhamu kuliko mimi, aliunga nafasi kwa nafasi, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Sote tungeunga rangi kwa rangi, kila kitu kingefika mahali pake. Sote tungeunga nafasi kwa nafasi, vivyo hivyo. Kwa kuchanganya, buluu ilikwenda kwa machungwa, waridi na feruzi zikabadilishana, na rangi mbili tu zinazokaa nafasi moja katika mipangilio yote miwili, kijani ya tatu na nyeupe ya sita, ndizo zilizonusurika.

Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Mkongo ule ulipofika mimi ndiye niliyeupokea, nilisoma maandishi ya ubavuni kuhakikisha idadi ya nyuzi na aina yake, na sikuufungua kutazama rangi ya kwanza. Aliyeagiza mkongo naye hakutaja mpangilio, na kampuni iliyotutuma haikuwa na fomu yenye nafasi ya kuuandika. Nimewaomba waiongeze, na mpaka leo hawajaiongeza, kwa hiyo naiandika mwenyewe kwa kalamu pembeni. Siku hizi, kabla ya makundi mawili kuachana, tunamenya pande zote mbili mbele ya kila mtu na kusema kwa sauti: tunaunga nafasi kwa nafasi.

Tulikubaliana kwamba upande wa kurudiwa ni wangu. Hatukutaka kuigusa kazi ya kaka yetu ambayo karatasi yake ilikuwa sahihi, na juu ya hayo kisanduku cha upande wa chini kilikuwa kimekwisha kufungwa na kuzibwa. Kukifungua tena kisanduku kilichozibwa katika mvua za Bukavu ni kujitafutia balaa: mpira wa kuzuia maji hauketi mara ya pili kama ulivyoketi mara ya kwanza, na maji yakiingia hukaa chini ya sinia linaloshikilia viungo, yakingoja. Nilikata viungo 10, nikaunga upya kwa kufuata nafasi, nikazungusha uzi wa akiba kwenye sinia kwa mizunguko isiyopungua nusu kipenyo cha milimita 30, kisha nikapima tena uzi mmoja mmoja, mara hii nikianza na tochi nyekundu na kumaliza na OTDR. Ilikuwa imekwisha kuwa jioni, na mama wa makala alikuwa amefunga biashara.

Mwaka uliofuata nilikifungua kisanduku kile cha juu kwa ajili ya kumuunganisha mteja mpya. Sisimizi walikuwa wamejaribu kuingia kupitia tundu lisilotumika na kukwamia kwenye mpira, ndani kulikuwa kukavu, na kwenye sinia viungo 10 vilikuwa na kibandiko cha tarehe moja, huku viwili, kijani na nyeupe, vikiwa na kibandiko cha tarehe ya siku iliyotangulia.